Likizo ya michezo na kisiwa: Bahari ndiyo inayopanga ratiba

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

LIKIZO za shule za Juni na Desemba zinapokaribia, mazungumzo ya familia nyingi za mijini huishia kwenye swali moja: watoto wapelekwe wapi mwaka huu? Watoto hutaka mabembea makubwa na vitelezi vya maji. Wazazi, kwa upande wao, hutamani mahali pa kupumzika penye mchanga mweupe na upepo wa bahari. Kwa kuwa matakwa hayo huonekana kama safari mbili tofauti, mara nyingi mojawapo huahirishwa hadi mwaka unaofuata.

Katika nchi nyingine safari hizo huunganishwa kuwa moja. Huko Orlando, katika jimbo la Florida nchini Marekani, ambako bustani za michezo za Walt Disney World zilifunguliwa Oktoba 1, 1971, ni jambo la kawaida kwa familia kukaa siku chache kwenye michezo, kisha kupanda meli au ndege kwenda kupumzika katika visiwa vya Bahamas.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma, mpango wa namna hiyo hauhitaji viza wala safari ya kuvuka bahari kuu. Kunduchi na Kigamboni kuna viwanja vya michezo ya watoto, na kisiwa cha Unguja kiko umbali wa takriban saa 2 kwa boti ya kasi. Si kubwa kama za Orlando, lakini kwa mtoto wa miaka minane anayeteremka kwenye kitelezi kwa mara ya kwanza, furaha haipimwi kwa ukubwa wa kiwanja.

Hata hivyo, safari ya aina hii huharibika kwa urahisi, na sababu kubwa si uhaba wa fedha peke yake. Wazazi wengi huanza kwa kuuliza bei, hulipa, na baadaye ndipo huuliza habari za mvua, upepo na maji ya bahari. Matokeo yake ni familia iliyolipia chumba cha ufukweni kukuta bahari imerudi nyuma zaidi ya kilomita 1, au kukaa ndani siku tatu kwa sababu ya mvua. Safari iliyopangwa vizuri huanza na kalenda, na bei hufuata baadaye.

Kalenda tatu za kuangalia

Kalenda ya kwanza ni ya shule. Kwa shule nyingi za Tanzania Bara, likizo ndefu huangukia Juni na Desemba. Hizo ndizo nafasi mbili ambazo mzazi anaweza kuondoka na watoto kwa wiki nzima bila kuwakosesha masomo.

Kalenda ya pili ni ya mvua na pepo. Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Upepo wa kusi huvuma kuanzia kiasi cha Mei hadi Septemba, ukileta hali ya hewa kavu na baridi kidogo pamoja na mawimbi katika mwambao wa mashariki. Upepo wa kaskazi huchukua zamu yake kuanzia kiasi cha Desemba hadi Machi, na huleta joto.

Kalenda ya tatu, ambayo husahaulika mara nyingi, ni ya mwezi. Wakati mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huwa katika bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi unapokuwa nusu, huwa ni siku za maji mafu, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo. Katika pwani ya Unguja tofauti hiyo wakati wa bamvua inaweza kukaribia mita 4.

Ukizilinganisha kalenda hizo tatu, wiki za katikati ya Juni ndizo zinazoifaa zaidi familia ya Kitanzania. Masika huwa yamekwisha, shule zimefungwa, na bei za hoteli za Unguja bado hazijafikia kilele, kwani wageni kutoka Ulaya huongezeka zaidi Julai na Agosti. Desemba nayo inawezekana, lakini mwanzoni mwa mwezi vuli huweza kuwa bado inanyesha, na kuanzia wiki ya Krismasi hadi Mwaka Mpya bei hupanda kuliko wakati mwingine wote.

Familia zisizobanwa na shule, kwa mfano zenye watoto wadogo, huweza kupata bei nafuu Aprili na Mei. Ni lazima zikubali, hata hivyo, kwamba hizo ni siku za masika na baadhi ya hoteli hufungwa kwa matengenezo.

Siku ya michezo

Upande wa Dar es Salaam, kaskazini mwa jiji, kuna kiwanja cha michezo ya maji cha Kunduchi Wet 'n' Wild, kilicho ufukweni. Ng'ambo ya pili ya mlango wa bandari, Kigamboni, kuna Fun City yenye michezo ya majini na ya nchi kavu. Kigamboni hufikika kwa kivuko cha Magogoni au kwa Daraja la Nyerere lililofunguliwa Aprili 2016.

Kabla ya kupanga siku, mzazi apige simu kuuliza mambo matatu. La kwanza ni siku na saa za kufungua, kwa sababu ratiba ya siku za kazi huweza kutofautiana na ya mwisho wa wiki. La pili ni kiingilio: je, kinajumuisha michezo yote, au baadhi hulipiwa pembeni? La tatu ni iwapo familia inaruhusiwa kuingia na chakula chake.

Siku iliyo bora ni ya katikati ya wiki. Jumamosi, Jumapili na sikukuu, hasa Idi, Krismasi na Mwaka Mpya, viwanja hivyo hufurika watu. Mtoto hutumia muda mrefu kwenye foleni kuliko kwenye mchezo wenyewe, na kumwangalia katikati ya umati ni kazi ngumu zaidi.

Jambo jingine linalozua machozi getini ni kimo. Vitelezi vikubwa na mashine za kasi hupangiwa urefu wa mtoto badala ya umri, kwa sababu mikanda, vizuizi na kina cha bwawa la kushukia vimewekwa kwa kuzingatia mwili wa kimo fulani. Mzazi awapime watoto nyumbani na kuuliza masharti mapema, ili mdogo asiahidiwe mchezo ambao hataruhusiwa kuucheza.

Kuvuka kwenda Unguja

Kwa wanaotoka bara, safari ya kufika Dar es Salaam imekuwa nyepesi tangu treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria, Juni 2024 hadi Morogoro na Julai 2024 hadi Dodoma. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka huo na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ilikuwa Sh 13,000 kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na Sh 31,000 kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Stesheni ya Dar es Salaam iko katikati ya jiji, mwendo mfupi kutoka bandari ya boti za Zanzibar.

Boti za kasi huwatoza raia wa Tanzania nauli ya shilingi, ambayo ni ndogo kuliko ile ya dola wanayotozwa wageni. Kwa hiyo, kila mtu mzima awe na kitambulisho chake, na wazazi wabebe vyeti vya kuzaliwa vya watoto au nakala zake. Kwa ndugu wa kigeni watakaoungana na familia kutoka nje ya nchi, ikumbukwe kwamba tangu Oktoba 1, 2024 wageni wanaoingia Zanzibar hutakiwa kukata bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo iliwekwa kuwa dola 44 za Marekani kwa mtu mzima. Watanzania hawahusiki.

Wakati wa kusi bahari ya mkondo wa Zanzibar huchafuka. Kwa kawaida asubuhi huwa na utulivu zaidi kuliko alasiri, hivyo boti ya mapema huwapunguzia watoto kichefuchefu. Apewe mtoto chakula chepesi kabla ya kupanda, na akae sehemu ya chini karibu na katikati ya chombo, ambako mtikisiko ni mdogo.

Lakini tahadhari ya mkondo huo haiishii kwenye kichefuchefu. Julai 18, 2012, meli ya MV Skagit iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe katika msimu wa kusi, na watu wengi wakapoteza maisha, wakiwamo watoto. Msiba huo ulikuja chini ya mwaka mmoja baada ya ule wa MV Spice Islander, iliyozama Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba. Mzazi hana uwezo wa kukagua injini, lakini ana uwezo wa kusoma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), kukataa chombo kilichojaa kupita kiasi, kuonyeshwa yalipo maboya ya watoto, na kuahirisha safari pale upepo mkali unapotangazwa. Ndiyo sababu haifai kupanga kurudi siku ileile ambayo watoto wanatakiwa kuwa shuleni kesho yake.

Upande gani wa kisiwa?

Swali hili huamua ubora wa mapumziko kuliko idadi ya nyota za hoteli. Mwambao wa mashariki, wenye vijiji vya Paje, Bwejuu na Jambiani, umekingwa na mwamba wa matumbawe ulio mbali na ufukwe. Kati ya mwamba na ufukwe kuna maji mafupi, na bahari inapokupwa eneo kubwa hubaki mchanga na madimbwi. Wakati huo kina mama wa vijiji hivyo huonekana wakihudumia mashamba yao ya mwani, kilimo kilichoanza kisiwani hapo mwishoni mwa miaka ya 1980.

Kaskazini, katika fukwe za Nungwi na Kendwa, sakafu ya bahari hushuka haraka zaidi, hivyo mtu anaweza kuogelea karibu saa zote za mchana. Kendwa, kwa kuwa inaelekea magharibi, hukingwa pia na upepo wa kusi. Nungwi iko takriban kilomita 60 kutoka mjini, na Paje takriban kilomita 50. Kwa gari, kote ni mwendo wa zaidi ya saa 1.

Hii haina maana kwamba mashariki ni pabaya. Kwa watoto wadogo, madimbwi ya maji ya vuguvugu yaliyoachwa na bahari ni mahali pazuri pa kuchezea, ilimradi wavae viatu vya plastiki kwa sababu ya mawe makali na viumbe vyenye miiba mirefu myeusi. Kwa vijana wanaotaka kuogelea kutwa, kaskazini ndiko kunakofaa.

Aliyechagua mashariki ni lazima ajue saa za maji. Bahari hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kwa siku, na saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Katika pwani hii, siku za bamvua maji hutoka sana kiasi cha saa 4 hadi saa 5 asubuhi, na hujaa kiasi cha saa 10 hadi saa 11 jioni. Kwa maneno mengine, familia inayofika wakati wa mwezi mpevu ipange matembezi asubuhi na kuogelea jioni. Baada ya wiki moja hali hugeuka: maji hujaa asubuhi, ingawa kwa kiasi kidogo.

Asubuhi hizo za maji kupwa hazipaswi kupotea bure. Watoto huweza kupelekwa kuona kima punju katika msitu wa Jozani, au kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, ambao asili yao ni kobe walioletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Mji Mkongwe, uliotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, unatosha kwa nusu siku ya kutembea, na jioni chakula cha Forodhani.

Mjini na vijijini, mavazi ya kuogelea huvaliwa ufukweni tu. Iwapo safari itaangukia mwezi wa Ramadhani, ambao hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, familia isile wala kunywa hadharani mchana.

Hesabu ya fedha

Baada ya kalenda kukaa sawa, ndipo bei ijadiliwe. Kosa la kawaida ni kulinganisha bei za vyumba pekee. Familia ya watu 5 inayosafiri siku 7 hula milo 105. Chumba chenye kifungua kinywa kwa usiku 6 huondoa milo 30, na kubakiza 75 ya kununuliwa. Katika fukwe za mbali na mji, mlo wa hoteli huweza kuwa ghali, na hapo chumba kilichoonekana rahisi hugeuka kuwa ghali kuliko kile kilichojumuisha chakula cha jioni.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa malipo ya awali, mzazi aulize na kupewa kwa maandishi: bei ni ya chumba au ya kila mtu? Mtoto wa umri gani hulala bure katika chumba cha wazazi, na je, hula bure pia? Kodi na tozo zote zimo ndani? Kuna bei ya Watanzania, kwa shilingi? Fedha hurudishwa kwa kiasi gani iwapo boti itasitishwa kwa upepo?

Sehemu moja ya kumi ya bajeti yote ibaki bila kupangiwa kazi. Hiyo ndiyo itakayolipia usiku mmoja wa ziada, dawa, au teksi ya dharura. Mwenye bima ya afya aulize mapema ni hospitali zipi za Zanzibar zinazopokea kadi yake.

Mfano wa ratiba

Familia ya Dodoma yaweza kuondoka Jumatatu kwa treni na kulala Dar es Salaam. Jumanne iwe siku ya michezo, Kunduchi au Kigamboni. Jumatano asubuhi wavuke, na wakae ufukweni usiku 3, hadi Jumamosi. Usiku wa mwisho walale mjini Unguja badala ya ufukweni, ili Jumapili asubuhi wawe hatua chache kutoka bandarini, na jioni wapande treni ya kurudi nyumbani.

Michezo imewekwa mwanzoni kwa makusudi. Watoto huanza safari wakiwa na nguvu, na uchovu wa siku hiyo huponywa ufukweni. Mpangilio ukigeuzwa, wazazi hurudi nyumbani wakiwa wamechoka kuliko walivyoondoka.

Kwa familia isiyomudu gharama za Unguja, ipo njia fupi. Mkabala na Kunduchi kuna kisiwa cha Mbudya, mojawapo ya visiwa vilivyotangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari mwaka 1975. Boti kutoka pwani ya Kunduchi hufika huko chini ya nusu saa. Hakuna hoteli kubwa, lakini kuna mchanga, matumbawe na kivuli. Siku moja ya vitelezi na siku moja ya Mbudya hutimiza matakwa yale yale mawili, bila kulala nje ya jiji.

Macho yasiondoke majini

Yote hayo hayana maana iwapo mtoto hatarudi salama. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyotolewa Desemba 2024 ilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala kupunga mikono. Huzama kimya kimya, hatua chache kutoka kwa watu wazima wanaozungumza. Waokoaji wa kiwanja au hoteli ni msaada wa ziada, hawachukui nafasi ya mzazi. Maboya ya kupuliza yanayouzwa ufukweni ni vitu vya kuchezea, na huweza kumsukuma mtoto mbali upepo unapovuma kutoka nchi kavu.

Njia rahisi ni kupeana zamu. Kila nusu saa mtu mzima mmoja, aliyetajwa kwa jina, awe na kazi moja tu ya kuangalia maji, bila simu na bila gazeti. Mtoto asiyejua kuogelea awe karibu kiasi cha kufikiwa kwa mkono. Katika fukwe za mashariki, watoto wasifuate maji yanayokupwa hadi kwenye mwamba, kwa kuwa bahari inaporudi hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yao na kuwafungia njia.

Saa za kupwa na kujaa hujulikana mapema kwa mwaka mzima, na wavuvi wa kila kijiji cha Unguja huzijua bila kuangalia kitabu. Kuwauliza hakulipiwi chochote, na inafaa wawe wa kwanza kuulizwa kila familia inapofika ufukweni.